Orodha ya Nini? Historia ya Kapu Lisilo na Lebo

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikesha nikitafuta sifuri zilizopotea. Programu niliyokuwa nikiitunza ilituma ujumbe kwa wanachama wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, na ghafla baadhi yao wakawa hawaupati. Namba zao za simu zilikuwa zimepungua tarakimu moja ya mbele: palipokuwa na 07 pamebaki 7. Anayeijua kompyuta ameshang'amua kilichotokea. Namba ya simu, japo tunaiita namba, ni maandishi. Hakuna anayeijumlisha wala kuigawanya. Ukiihifadhi kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inakosa thamani na kutupwa. Ndani ya programu ile kulikuwa na orodha moja iliyopokea namba za simu kama maandishi kwa mlango mmoja, na kama namba za hesabu kwa mlango mwingine.

Kosa lenyewe halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa na mkaguzi wa aina, ile programu inayousoma msimbo kabla haujaendeshwa na kusema: hapa umeahidi maandishi, mbona unaleta namba? Mkaguzi huyo alilipitia faili lile kila siku, na kila siku alisema pako shwari. Nilipoufungua mstari wenyewe nikakuta tumeandika kwamba fanksheni inapokea orodha. Orodha ya nini, hatukusema. Naye mkaguzi hakuuliza. Alichukulia kwamba ni orodha ya chochote.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia ni nani aliyeamua hivyo, na kwa sababu gani. Habari hiyo ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Wazo la aina lilitoka kwa watu wa mantiki. Mwaka 1901 Bertrand Russell aligundua kwamba seti ya seti zote zisizojibeba zenyewe inajipinga, na katika kutafuta tiba akaanza kuvipanga vitu katika ngazi, ili kitu kisiweze kujitia ndani yake chenyewe. Nadharia yake ya aina ilikomaa mwaka 1908, na mwaka 1940 Alonzo Church akaipa umbo jepesi ambalo wanakompyuta wangekuja kulirithi. Hayo nayapita haraka. Kapu letu, yaani ile orodha isiyotajwa kilichomo, linaonekana vizuri baadaye, katika mji wa Edinburgh.

Robin Milner alifika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1973. Hakwenda kule kuunda lugha ya programu. Alikuwa akijenga LCF, mfumo wa kumsaidia mtu kuthibitisha nadharia za hisabati kwa kompyuta, na alihitaji lugha ya kuuelekeza mfumo huo. Lugha hiyo ikaitwa ML. Sharti lake lilikuwa zito: mtu asiweze kughushi uthibitisho, hata kwa bahati mbaya. Ndani ya LCF, nadharia iliyothibitishwa ilikuwa na aina yake maalumu, na ni kanuni chache tu za mantiki zilizoruhusiwa kutengeneza kitu cha aina hiyo. Kwa hiyo mkaguzi wa aina ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango. Akisinzia, uongo unapita na kuitwa ukweli.

Lakini Milner hakutaka kumchosha mwandishi kwa kumlazimisha ataje aina kila mahali. Alitaka mashine ing'amue yenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1978 alionyesha namna ya kufanya hivyo, nayo ni namna ambayo msemaji wa Kiswahili anaifahamu bila kufundishwa. Uko sebuleni, ukasikia mtu jikoni anasema, "Kimevunjika." Hujakiona kitu, wala hakikutajwa, lakini unajua si sahani wala glasi, kwa sababu hizo zingesemwa imevunjika. Kiambishi kimekupa ngeli. Huenda ni kioo, kijiko, chungu au kikombe. Akiongeza, "Nami nilikuwa nakinywea chai," umebakiwa na kikombe. Hakuna aliyekutajia jina, umelifikia kwa kufuata upatanisho.

Utaratibu wa Milner ndio huohuo. Kila kisichojulikana kinapewa alama ya muda. Kila kinapotumika, matumizi hayo yanaleta sharti: hapa kimejumlishwa, basi ni namba, hapa kimeunganishwa na maandishi, basi ni maandishi. Masharti yote yanakusanywa na kupatanishwa kwa kanuni ambayo Alan Robinson aliichapisha mwaka 1965 kwa ajili ya mashine za kuthibitisha mantiki. Yakigongana, msimbo una kosa. Yakipatana, kila alama inapata jibu.

Na alama ikibaki bila jibu? Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hiyo. Chukua fanksheni inayogeuza orodha, cha mwisho kiwe cha kwanza. Haigusi vilivyomo, inavihamisha tu. Masharti yote yakishapatanishwa, alama ya kilichomo inabaki huru, nao uhuru huo una maana kamili: fanksheni hii inafaa kwa orodha ya aina yoyote, mradi aina iliyoingia ndiyo itakayotoka. Ukiipa orodha ya maandishi, itakurudishia orodha ya maandishi. Neno "yoyote" hapa ni ahadi. Naomba msomaji alishike, kwa sababu baadaye tutalikuta neno hilohilo limevaa maana nyingine kabisa.

Milner hakujua wakati ule kwamba Roger Hindley alikuwa amefikia matokeo yanayofanana mwaka 1969, akipitia njia ya mantiki tupu. Mwaka 1982 Luis Damas, mwanafunzi wa Milner, pamoja na mwalimu wake, walichapisha uthibitisho kwamba utaratibu huo hupata aina iliyo pana kuliko zote zinazofaa. Leo wengi huutaja kwa majina ya Hindley na Milner; wachache humkumbuka Damas, na nadhani anastahili kukumbukwa.

Sasa njoo kwenye kapu tupu. ML iliruhusu pia visanduku vya kumbukumbu, ambamo unaweza kuweka kitu leo na kesho ukaweka kingine. Tengeneza kisanduku, utie ndani yake orodha tupu. Orodha tupu ni ya aina gani? Haina kitu, kwa hiyo inafaa kuwa ya yoyote. Mkaguzi akiiacha alama ile huru kama alivyoiacha kwenye fanksheni ya kugeuza, basi mkono mmoja utachukulia kisanduku ni cha namba na kutia 7, mkono mwingine utachukulia ni cha maandishi na kuchota hiyo 7 kana kwamba ni maandishi. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikunja faili na kutoka nje kupunga upepo. Ilikuwa ni sifuri zangu zilezile, zimepotea miaka mingi kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza.

Tiba nyingi zilipendekezwa, nyingine tata kiasi kwamba aina zilijaa alama ambazo mtumiaji hakuzielewa. Mwaka 1995 Andrew Wright alipendekeza jambo jepesi: alama iachwe huru pale tu panapokuwa na thamani iliyokamilika, isiyohitaji kukokotolewa. Kutengeneza kisanduku ni ukokotoaji, hivyo aina ya kilichomo haitafanywa pana, itasubiri. Toleo la ML sanifu la mwaka 1997 lilikubali. Kwenye OCaml, ndugu wa ML aliyekulia Ufaransa, mtumiaji hata huonyeshwa alama dhaifu yenye maana hii: aina bado haijajulikana, lakini ni moja tu, na matumizi ya kwanza ndiyo yatakayoiamua. Ukishatia namba, kapu ni la namba hadi mwisho.

Huo ni mji mmoja. Mji mwingine ulijengwa na watu wenye haraka.

Java ilipotoka mwaka 1996 haikuwa na makapu yenye lebo. Lugha ya CLU, iliyoundwa na Barbara Liskov na wenzake huko MIT katika miaka ya 1970, ilishaonyesha kwamba inawezekana kuunda kapu linalopewa aina ya kilichomo, lakini Java ilianza bila hayo. Ulichotia kwenye kapu lake kilitoka kikiwa kitu tu, Object, nawe ulilazimika kuapa kwa mkono wako: hiki ni maandishi. Ukiapa uongo, programu inaanguka, na huanguka mbele ya mteja.

Martin Odersky na Philip Wadler waliuona upungufu huo mapema. Mwaka 1997 walichapisha Pizza, lugha iliyoiongezea Java mambo waliyoyazoea kutoka ukoo wa ML. Mwaka uliofuata, wakiwa na Gilad Bracha na David Stoutamire waliokuwa katika kampuni ya Sun, walileta pendekezo lililoitwa GJ. Hapo walikabiliwa na swali ambalo Milner hakuwahi kuulizwa: watu wameshaandika msimbo mwingi sana wenye makapu yasiyo na lebo, tuufanye nini? Maktaba haziwezi kubadilishwa zote usiku mmoja pamoja na programu zote zinazozitumia. Mwenye maktaba atamsubiri mtumiaji, mtumiaji atamsubiri mwenye maktaba, na safari haitaanza.

Jibu lao lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, lebo zitakaguliwa na kompaila kisha zifutwe. Mashine inayoendesha programu haitaziona kamwe. Pili, jina la kapu likiandikwa bila lebo litaendelea kukubalika, na litaitwa aina ghafi. Kapu ghafi linaweza kupewa mtu anayetaka kapu la maandishi, na kompaila haitakataa. Itatoa onyo tu. Java 5, iliyotoka Septemba 2004, ilibeba uamuzi huo.

Niliwahi kuwalaumu kwa hilo. Siwalaumu tena, kwani bila mlango ule lebo zisingeingia Java kabisa. Lakini mlango wenyewe ulikuwa mpana kuliko wengi wanavyojua. Ukilitumia tabaka (class) lenye kigezo cha aina bila kukitaja, Java haisahau kigezo hicho peke yake. Inafuta lebo katika saini za fanksheni zote zisizo static zilizotangazwa humo, hata zile zisizohusiana na kigezo ulichokiacha. Fanksheni iliyosema wazi kwamba inarudisha orodha ya maandishi, ikiitwa kupitia aina ghafi, inarudisha orodha ghafi isiyo na maelezo. Umeacha lebo moja, umepoteza zote. Waandishi wa kanuni za lugha walionya kwamba huenda siku moja aina ghafi zikapigwa marufuku. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mlango uko wazi.

Baadaye Java iliongeza njia nyingine za kunyamaza. Java 7 ya mwaka 2011 ilileta mabano matupu yenye umbo la almasi: usirudie lebo, kompaila itaisoma kutoka upande wa kushoto ulikokwisha kuitaja. Kisha Java 10 ya mwaka 2018 ikaruhusu upande wa kushoto nao kuandikwa var bila aina. Ukiziweka njia hizo mbili za kunyamaza kwenye mstari mmoja, hakuna upande wenye habari, na kompaila inaamua kwamba ni orodha ya Object. Kwa hiyo katika lugha moja, orodha mpya isiyotajwa kilichomo ikiandikwa bila mabano ni ghafi na inapokelewa popote. Ikiwa na mabano matupu pamoja na var ni orodha ya Object, ambayo anayetaka orodha ya maandishi hataipokea. Tofauti kati ya kimya na kimya ni alama mbili za kibodi.

Huko Cambridge, Don Syme na Andrew Kennedy wa Microsoft Research walichagua vingine kwa ajili ya lugha ya C#. Makala yao ya mwaka 2001 ilieleza mashine inayozihifadhi lebo hadi wakati wa kuendesha programu. Lebo zilipofika kwa umma mwaka 2005, makapu ya zamani yaliachwa na majina yake na mapya yakapewa majina mapya. Ukitaka kutangaza kwamba kitu ni kapu jipya, lazima useme la nini. Usiposema, ni kosa. Gharama yake ikawa seti mbili za makapu zinazoishi jirani.

Python ndiyo lugha iliyonifanya nikeshe, na mazingira yake ni tofauti. Ilikua bila mkaguzi wowote, nayo ilipendwa kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2006 Jeremy Siek na Walid Taha walichapisha makala kuhusu ukaguzi wa hatua kwa hatua, ambamo sehemu yenye aina na sehemu isiyo na aina huishi katika programu moja. Kiungo chao ni aina ya pekee ambayo Python ingekuja kuiita Any. Any inapatana na namba, na namba inapatana na Any; Any inapatana na maandishi pia. Ila namba haipatani na maandishi. Siek na Taha walikuwa makini hapo, kwa sababu kama upatano ungeruhusiwa kupita kutoka kwa wa kwanza hadi wa tatu, kila kitu kingepatana na kila kitu na mkaguzi asingekuwa na kazi. Lakini mwandishi wa programu anaweza kuuvuka mpaka huo kwa miguu yake: anatia namba ndani ya Any, kisha upande wa pili anaitoa kama maandishi. Hatua zote mbili ni halali. Angalia basi jinsi neno lilivyogeuka. Kwa Milner "yoyote" lilikuwa na sharti la aina iliyoingia ndiyo itakayotoka. Kwa Any, sharti hilo halipo.

Jukka Lehtosalo alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu Cambridge alipoanza mradi wa mypy, ambao awali ulikuwa na sintaksia yake. Mwaka 2013 aliuwasilisha kwenye mkutano wa PyCon huko Santa Clara, California, akazungumza na Guido van Rossum, muundaji wa Python, naye akamshawishi aachane na sintaksia yake na atumie ile ya Python 3 yenyewe. Ushauri huo ulibadilisha mambo. Lehtosalo alikuja kujiunga na Dropbox, alikokuwa van Rossum. Mwaka 2014 wawili hao pamoja na Łukasz Langa waliandika pendekezo namba 484, lililoingia katika Python 3.5 Septemba 2015. Kufikia 2019 Dropbox ilikuwa ikikagua mistari milioni 4 kwa mypy.

Ndani ya pendekezo hilo umo mstari ninaoutafuta. Jina la kapu likiandikwa bila lebo, lihesabiwe kuwa ni kapu la Any. Sababu inaeleweka, nayo ni ileile ya Java: wapo mamilioni ya mistari isiyo na lebo, na mtu anayeanza kuandika aina leo asipigwe makofi siku ya kwanza. Aandike "orodha" akienda, akirudi aongeze "ya maandishi".

Tatizo langu na uamuzi huo ni moja. Uliwaunganisha watu wawili katika jina moja. Yuko aliyekaa, akafikiri, akaamua kwamba orodha hii kweli inabeba mchanganyiko, akaandika Any kwa hiari. Na yuko aliyesahau. Wa kwanza ametoa kauli. Wa pili hakusema kitu. Mkaguzi aliwasikia wote wawili wakisema neno lilelile. mypy iliweka swichi ya kukataa makapu yasiyo na lebo, lakini haikuwashwa kwa chaguo-msingi, na anayehitaji swichi hiyo zaidi ni yule asiyejua kwamba ipo.

Microsoft ilipotoa pyright mwaka 2019, kazi iliyoongozwa na Eric Traut, tofauti hiyo ilipewa jina. Ndani yake kuna aina iitwayo Unknown, isiyojulikana. Katika kukubali na kukataa inafanya kazi sawasawa na Any, ila imeandikwa kwa wino mwingine: huyu hakusema. Ukiweka ukaguzi mkali, kila kapu lisilo na lebo linatajwa, na hata aina inayojulikana nusu, kama orodha ambayo ni orodha lakini kilichomo hakijulikani, inaripotiwa. Naona hiyo ni hatua kubwa ya uaminifu katika historia hii yote, na haikuhitaji hisabati mpya.

Kuhusu orodha tupu inayozaliwa katikati ya msimbo, wakaguzi bado hawajakubaliana. mypy husubiri kama OCaml: ikiona katika eneo lilelile umetia maandishi, inaamua ni orodha ya maandishi, isipoona, inakudai useme. Pyright haisubiri, inaandika palepale kwamba kilichomo hakijulikani. Pyrefly ya Meta, iliyotambulishwa mwaka 2025, hufuata matumizi ya kwanza. Lugha ya TypeScript, kwa upande wake, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2016 huiacha orodha ikue: ukitia namba kisha maandishi, inakuwa orodha ya namba au maandishi. Mstari mmoja tu wa msimbo, na kila mkaguzi anaupa hukumu yake.

Python 3.13, ya Oktoba 2024, ilimpa mwenye kapu sauti. Sasa anayetengeneza tabaka anaweza kusema mwenyewe: mtumiaji akinyamaza, chukulieni ni aina hii. Si lazima tena kimya kiwe Any. TypeScript ilikuwa na jambo hilo tangu 2017. Orodha ya kawaida ya Python, hata hivyo, haina chaguo la namna hiyo, na haiwezi kuwa nalo. Hakuna mtu anayeweza kukisia kwa niaba ya dunia nzima orodha inabeba nini.

Asubuhi ile, baada ya kuzirudisha sifuri za wanachama kwa mkono, niliwasha swichi ya mypy. Skrini ilijaa. Nilianza na mstari wenye makosa, nikaongeza maneno mawili baada ya "orodha", nikaendesha ukaguzi tena. Mara hii mkaguzi alitaja faili jingine, nililokuwa sijalifungua usiku kucha, na namba ya mstari ambapo msomaji wa jedwali alikuwa akizigeuza namba za simu kuwa namba za hesabu.